Sukari ya Ubongo na Kumbukumbu Tendaji

Ubongo wa mtu mzima, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote za mwili uliotulia, na chakula chake aghalabu ni sukari iitwayo glukosi.

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, binadamu alidungwa kwa mara ya kwanza sukari iliyotiwa florini yenye mnururisho, ambayo seli huipokea kana kwamba ni sukari ya kawaida, kisha hushindwa kuisaga hadi mwisho, ikabaki imenasa humo, ikitoa mionzi inayodhihirisha katika picha ni pande zipi za ubongo zilizokula zaidi. Na kwa kuwa picha hiyo moja, jumla ya muda mrefu, haiwezi kuonyesha sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, Barry Horwitz na wenzake, mwaka 1984, waliwalinganisha watu kwa watu: endapo wale ambao sehemu ya mbele ya ubongo wao hula sana, ya utosini nayo hula sana, basi sehemu hizo zilihesabiwa kuwa na uhusiano. Hila hiyo ni ya werevu, lakini ina kasoro yake, maana mpita njia anayeona kwamba kila mji wenye soko kubwa una msikiti mkubwa hajajua bado ni nani atokaye sokoni kwenda kusali.

Siku hizi, ili kupanda na kushuka huko kuonekane ndani ya mtu mmoja, sukari hiyo hutiririshwa mshipani polepole, ilhali mashine moja inapima mionzi yake pamoja na dalili ya damu, yaani ya oksijeni iliyomo damuni. Kwa njia hii watafiti wa Umeå, Sweden, waliwapima watu wazima wenye afya wakiifanyisha kazi kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshika jambo kwa kitambo akili ikilishughulikia, wakatoa habari mwaka 2021: katika sehemu za uangalifu, dalili ya damu na ulaji wa sukari vilipanda pamoja, bali katika ule mtandao unaodhaniwa kupumzika mtu aingiapo kazini, dalili ya damu ilishuka, na sukari ikaendelea kuliwa kwa wingi vilevile. Hilo, kwa rai yangu, latosha kubatilisha desturi ya kuita kila doa lililofifia katika picha ya damu kuwa ni mahali palipolala.

Basi msomaji, ukionyeshwa ramani ya uhusiano wa ubongo, uliza kwanza kama imetokana na mtu mmoja au na watu wengi, na kama kilichopimwa ni damu au sukari.