Muuzaji Amebadilisha Masharti ya Oda Yako? Unaweza Kudai Pesa Zako

Tuseme umeona laptopu mtandaoni. Muuzaji anasema mzigo uko njiani: memori ya GB 16, bei KSh 45,000, itafika tarehe 30. Unalipa KSh 15,000 kwa Till yake ili akuwekee moja. Tarehe 28 meseji inaingia: "Dola imepanda, ongeza 6,000. Zilizokuja ni za GB 8. Ukikataa, hakuna kurudishiwa pesa."

Wengi hapo huona hawana la kufanya, wanaongeza pesa shingo upande. Usifanye hivyo kabla ya kujua haki zako.

Sheria inasemaje?

Ukilipa na muuzaji akapokea, mna makubaliano, hata kama hakuna karatasi mliyotia sahihi. Upande mmoja hauwezi kuyabadilisha peke yake. Muuzaji anaweza kukuomba uongeze pesa, lakini hawezi kukulazimisha.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Uliuziwa GB 16, ukiletewa GB 8 unaweza kuikataa na kudai pesa zako. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakuruhusu kufuta oda ikiwa siku 30 zimepita baada ya tarehe mliyokubaliana na mzigo bado haujafika. Haki zilizo katika sheria hiyo haziondolewi na tangazo la "hakuna kurudisha pesa".

Lakini kama ni wewe uliyebadilisha nia, kwa mfano umepata nyingine ya bei nafuu, hilo ni jambo tofauti. Hapo masharti mliyokubaliana ndiyo yatakayoangaliwa.

Chunga neno "sawa"

Ukijibu "sawa" kwenye WhatsApp baada ya kuambiwa bei mpya au tarehe mpya, unaweza kuonekana umekubali. Kama bado unafikiria, andika hivyo: "Nimeona ujumbe wako. Sijakubali mabadiliko haya."

Fanya hivi

1. Hifadhi ushahidi. Usifute meseji ya malipo. Piga picha ya skrini ya tangazo na mazungumzo yenu mapema, kabla muuzaji hajayafuta.

2. Dai kwa maandishi. Simu pekee haitoshi. Unaweza kuandika: "Nililipa KSh 15,000 tarehe fulani kwa laptopu ya GB 16 kwa bei ya KSh 45,000. Umebadilisha bei na bidhaa. Sikubali, nafuta oda. Nirudishie pesa zangu zote kwa nambari niliyolipia, ndani ya siku saba."

3. Usiombe muamala urudishwe kana kwamba ulikosea nambari. Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda kwa mtu asiyefaa. Hapa pesa zilienda ulikokusudia. Ukidanganya, unaharibu kesi yako mwenyewe. Sisi hatuamui mzozo kati ya mnunuzi na muuzaji, lakini taarifa ya akaunti yako itaonyesha ulilipa nani, lini na kiasi gani.

4. Usitoe PIN. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako wala kubonyeza linki yoyote. Anayekuomba hivyo anataka kukuibia mara ya pili.

5. Akikuzungusha, peleka mbele. Wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya (CAK). Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utahitaji jina la unayemshtaki, kwa hivyo angalia jina linaloonyeshwa unapolipa.

Kabla ya oda nyingine

Muulize muuzaji mambo matatu na umwombe ajibu kwa meseji: Bei hii ni ya mwisho? Mzigo utafika tarehe gani? Ukichelewa au ukija tofauti, nitarudishiwa pesa baada ya siku ngapi? Lipa kwa Till au Paybill ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi, na utume kiasi kidogo iwezekanavyo hadi uione bidhaa kwa macho yako. Akikataa kukuandikia majibu hayo, shika pesa zako utafute muuzaji mwingine.