Takataka Ziwe Mbolea, Zisiwe Nzi

Tazama nyuma ya nyumba yako. Kuna nini? Mabua ya mahindi, maganda ya ndizi, majani, samadi ya ng'ombe au ya mbuzi. Shamba lako linavitaka vitu hivi. Nzi nao wanavitaka.

Nzi hutaga mayai katika samadi mbichi na uchafu unaooza. Wakati wa joto, yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Nzi huyo hutua chooni, kisha hutua kwenye uji wa mtoto. Mtoto anaharisha. Zahanati tunampa maji ya dawa ya kuharisha, anapona, anarudi nyumbani. Nzi bado wapo. Baada ya muda mama anarudi na mtoto yule yule.

Basi, tengeneza lundo la mbolea. Chagua mahali penye kivuli, mbali na jiko na mbali zaidi na kisima. Chini weka mabua uliyoyakatakata. Juu yake weka majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kifuani. Upana usipungue mita 1, maana lundo dogo halipati joto. Funika kwa majani ya mgomba au udongo, nzi wasipate pa kutagia.

Joto ndilo linalofanya kazi. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe, uishike. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi. Geuza lundo na uchanganye mabua makavu. Joto la nyuzi 55 na zaidi, likidumu siku kadhaa, huua funza wa nzi na mbegu nyingi za magugu. Lakini pembeni joto halifiki. Kwa hiyo geuza lundo kila baada ya wiki 3 hivi, ya nje yaende ndani. Kwa miezi 3 au 4 utapata mbolea nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Usitie kinyesi cha binadamu. Mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni kwa miaka. Kinyesi ni cha chooni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wazee wetu wa Tanzania kuchimba vyoo, na bado tunavihitaji.

Sasa jambo linalonitia hofu zaidi. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na joto la lundo haliviui. Mzee mmoja aligeuza lundo lake bila viatu, akachomwa na msumari. Aliufuta mguu kwa jani tu. Siku ya 8 alikuja zahanati, taya zimeanza kukaza. Tulimkimbiza hospitali. Alipona, lakini alilala huko wiki nyingi, na mahindi yake yakaliwa na nyani.

Toa misumari, vioo, mabati na betri kabla ya kulundika. Vaa viatu. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, uje zahanati siku ile ile tuangalie kama unahitaji chanjo. Wala usipake samadi kwenye kidonda, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hata bibi akikuambia ni dawa.