Mahasimu Wawili na Mahaba Yao

Watazamaji wa tamthilia za televisheni, ziwe za Meksiko, za Uturuki au za Ufilipino, hulijua jambo moja kabla ya wahusika wenyewe kulijua: kwamba mwanamume na mwanamke waliokutana kwa matusi siku ya kwanza, wakaapizana siku ya pili na kutegeana mitego siku ya tatu, ndio watakaopendana mwishowe. Jambo hili limezoeleka hata halishangazi tena, na kwa kuwa halishangazi ni nadra mtu kuuliza sababu yake. Mimi napenda kuiuliza, na katika kuitafuta nitashika tamthilia moja ya Kimarekani, Buffy the Vampire Slayer, iliyoanza kuonyeshwa mwezi wa Machi 1997 na kukoma mwezi wa Mei 2003 baada ya misimu saba. Nimeichagua hiyo kwa kuwa uhasama wake haukuwa wa tajiri na mtumishi waliorushiana maneno, bali ulikuwa uhasama wa kuuana.

Buffy Summers, aliyeigizwa na Sarah Michelle Gellar, ni msichana wa Sunnydale, mji wa kubuni katika jimbo la California, ambaye aliteuliwa pasipo hiari yake kupigana na wanyonya damu, yaani maiti wanaofufuka usiku kutafuta riziki yao katika shingo za walio hai. Spike, aliyeigizwa na James Marsters, ni mmoja wa hao, na fahari yake kubwa ni kwamba amekwisha kuwaua Wateule wawili waliomtangulia Buffy, mmoja nchini China katika mwaka 1900 wakati wa Uasi wa Mabondia, na wa pili ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini New York katika mwaka 1977. Aliingia Sunnydale katika msimu wa pili akitaka kutimiza wa tatu. Katika msimu wa nne watu wa serikali walimkamata na kumtia kichwani kidude kilichomtesa kwa maumivu makali kila alipojaribu kumdhuru binadamu. Basi akabaki akirandaranda mjini, uchungu anao, uwezo hana.

Sehemu iliyo ufunguo wa habari hii ilionyeshwa Novemba 2000. Usiku mmoja Buffy alijeruhiwa vibaya na mnyonya damu wa kawaida kabisa, asiye na jina wala sifa, akaingiwa na hofu ya mauti. Alikwenda kwa nani kuuliza namna Wateule wanavyokufa? Hakwenda kwa mama wala kwa marafiki, kwa maana hao wote wangemliwaza. Alikwenda kwa Spike, akamlipa fedha ili amweleze jinsi alivyowaua wale wawili. Naye alimweleza bila kumficha, akamwambia kwamba ndani ya kila Mteule imo shauku ya kufa, na kwamba yeye huingojea siku ambayo shauku hiyo itajitokeza. Hapo ndipo tunapopata sababu ya kwanza. Rafiki hututazama kwa kutuonea mema na aghalabu huyapita yale asiyopenda kuyaona, ilhali adui, ambaye uhai wake umo katika kuujua udhaifu wetu, hututazama pasipo kupepesa. Binadamu aliyezongwa na dhiki hutamani sana kuonwa namna hiyo, hata kama jicho linalomwona ni la mtu anayemtakia maangamizi.

Usiku ule ule Spike alijaribu kumkaribia, na Buffy akamsukuma, akamtupia fedha chini na kumwambia kwamba yeye ni duni kwake. Hakujua kwamba maneno hayo hayo aliambiwa Spike huko London katika mwaka 1880, alipokuwa bado binadamu aitwaye William, mshairi mnyonge aliyechekwa barazani, na mwanamke aliyempenda kwa moyo wote. Spike aliokota zile noti huku akilia. Kisha akachukua bunduki, akaenda nyumbani kwa Buffy kumuua, maumivu ya kidude yawe yatakavyokuwa, akamkuta ameketi peke yake kwenye ngazi za uani, machozi yanamtiririka, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa na ilimbidi kwenda kulala hospitali kwa uchunguzi. Spike akateremsha bunduki, akamwuliza ana nini na kama lipo lolote awezalo kumfanyia, akaketi kando yake na kumpapasa mgongo kwa mkono usiozoea kubembeleza. Buffy hakumfukuza. Wahenga walisema kwamba adui aangukapo, mnyanyue. Lakini wahenga walisema na watu wenye roho, na kwa kanuni ya tamthilia hii mnyonya damu hana roho. Ndiyo maana naiona dakika ile kuwa bora kuliko mabusu yote yaliyofuata.

Wapo wataalamu wa nafsi ambao wangeleta sababu nyingine. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walitoa uchunguzi wao mashuhuri uliofanywa kwenye daraja la Capilano karibu na Vancouver, Kanada, daraja la kamba za chuma linaloning'inia na kuyumba juu ya bonde refu. Wanaume waliozungumza na mwanamke juu ya daraja lile la kutisha walielekea kumpigia simu baadaye zaidi kuliko wale waliozungumza naye juu ya daraja imara, kana kwamba mapigo ya moyo yaliyotokana na hofu walidhani yametokana naye. Nakubali kwamba watu waliopigana mara nyingi wamo katika hali kama hiyo. Walakini wale wa darajani walikuwa wageni tu, wala sababu hiyo peke yake haitoshi kueleza yaliyotokea katika msimu wa sita.

Mwishoni mwa msimu wa tano Buffy alikufa akimwokoa mdogo wake, yule ambaye Spike mwenyewe aliteswa na hakukubali kuitoa siri yake. Marafiki wa Buffy walimfufua kwa uchawi wakiamini kwamba yumo jahanamu, naye akaamka ndani ya jeneza, ikambidi aufukue udongo kwa kucha zake. Spike alipomwona akishuka ngazi aliitazama mikono yake iliyochubuka, na papo hapo akatambua mikono ile ilipotoka, kwa sababu yake mwenyewe ilitoka huko huko. Alikuwa amehesabu siku za kutokuwepo kwake, nazo zilikuwa 147. Baadaye Buffy alimfunulia siri aliyowaficha wote: kwamba alikokuwa ni peponi, kwenye raha na utulivu, na marafiki ndio waliomng'oa huko. Angewezaje kuwaambia wao, ambao walitenda kwa mapenzi? Ukweli ule ungewachoma kama kisu. Kwa Spike hakuwa na sitara ya kulinda wala dhana njema ya kupoteza, na mtu aliyechoka kujionyesha mzima hupata pumziko kubwa mbele ya yule asiyetarajia kumwona mzima.

Lakini pumziko si mahaba. Walipokuja kukutana kimwili walikutana katikati ya vita, jengo likawabomokea, na tangu hapo Buffy alimwendea kwa siri na kurudi kwa tahayari, akampiga uchochoroni hata uso wake ukaharibika, kisha akaikata habari hiyo kwa kukiri kwamba alikuwa akimtumia. Na katika kuagana alimwita William. Spike hakukubali kuachwa. Mei 2002 alimvamia katika chumba cha kuogea akataka kumnajisi, naye akamrusha kwa nguvu zake. Nalisema hili wazi kwa ajili ya mabinti wanaozitazama tamthilia hizi: tendo lile halikuwa huba iliyopotea njia, na mwandishi anayeufundisha umma kwamba ukatili ni penzi lililojificha hutenda dhambi. Spike mwenyewe alilitambua, akasafiri hadi Afrika, akapitia mitihani ya kutisha pangoni ili arudishiwe roho.

Katika msimu wa mwisho, Buffy alipofukuzwa na wenzake, Spike alimfuata katika nyumba tupu, akamweleza mema na mabaya yote aliyoyaona kwake miaka yote ile, akamkumbatia mpaka asubuhi pasipo kutaka kitu kingine. Siku ya vita vya mwisho, alipokuwa akiungua ili ulimwengu usalimike, Buffy alimwambia kwamba anampenda, naye akamjibu kwamba sivyo, ila anamshukuru kwa kusema. Watazamaji wanabishana hata leo nani kati yao alisema kweli. Mimi namsadiki Spike, na naona pia kwamba Spike wa msimu wa tano asingeweza kulitamka jibu lile, kwa maana yeye angeyapokea maneno ya Buffy kama deni lililochelewa kulipwa.