Mulevi Anayetaka Kuacha

Mukristu anafika kwa padri, mikono ikitetemeka, anaapa: «Tangu leo sionji tena kaikpo.» Tunafurahi, tunamubariki, anakwenda zake. Kisha juma moja anaanguka, na haya inamuzuia kurudi. Nasi tunasema: hana nia. Pengine kosa ni letu.

Tuanze na mwili. Mutu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akiacha gafula, anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya siku ile ile. Wengine wanaanguka kama wenye kifafa katika siku 2 za kwanza. Wengine, kati ya siku ya 2 na ya 4, wanaona vitu visivyokuwapo na kupayuka; na hiyo inaweza kuua. Si pepo, wala si azabu. Basi, mbele ya kupokea kiapo chake, umupeleke kwa munganga: ziko dawa za kutuliza mwili, na vitamini B1 ambayo walevi wengi wanaipungukiwa.

Roho ni kazi ya muda mrefu. Tumutazame Matt Talbot, mufanyakazi maskini wa Dublin katika Irlandi. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliahidi kuacha pombe kwa miezi 3 tu. Ilipokwisha akaahidi tena, halafu kwa maisha yote. Alikufa mwaka 1925, hakuonja tena. Lakini zamani, yeye na wenzake walimuibia kipofu zeze lake, wakaliuza wapate kunywa. Alipoacha pombe alimutafuta sana mutu yule, asimuone. Basi akamutolea Misa. Ndivyo ilivyo: kosa lingine haliwezi kutengenezwa, na mulevi inafaa ajifunze kuishi nalo pasipo kulikana, pasipo kulizamisha ndani ya chupa. Kusema «mimi ni mulevi» ni kweli inayomusaidia. Kusema «mimi sifai kitu» kunamurudisha kwa wanywaji wenzake.

Tusifikiri jambo hili ni la walei tu. Ralph Pfau, padri wa Indianapolis katika Marekani, aliingia mwaka 1943 katika chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichoanza mwaka 1935. Akawasaidia mapadri wengi.

Musiombe kiapo cha maisha siku ya kwanza. Muombe cha leo. Na jioni, saa ile wenzake wanapokutana kunywa, ndiyo saa ya kumutembelea.