Mtu Mzima na Zeze



Neno hili lawahusu hasa baba wa nyumba na walimu. Katika nchi yetu ya Mara, ikiwa Musoma, Bunda au Butiama, mtu mwenye mvi atamaniye kujifunza zeze huzuiwa na mambo mawili. La kwanza ni aibu, kwa kuwa aona wakati umempita. La pili ni shaka: je, chombo kilichozoea vilabu vya pombe chafaa katika nyumba ya Mkristo?

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Jirani zetu Wajaluo wa Rorya, na ndugu zao wa Kenya, hukiita orutu. Waganda wanacho cha namna hiyo, kiitwacho endingidi. Orutu ni mzinga mdogo wa mti, uliowambwa ngozi ya kenge na kupitishwa fimbo, wenye uzi mmoja tu. Upinde wake hupakwa utomvu mkavu wa mti. Usipopakwa, huteleza wala hautoi sauti. Vidole huugusa uzi kwa kando, bila alama yo yote ya kuonyesha mahali pa kila sauti. Hata fidla ya Ulaya, yenye nyuzi nne, haina alama hizo. Basi sikio ndilo mwalimu, na kidole kikikosea kidogo tu, nyumba nzima husikia.

Hapa mwimbaji wa kwaya ajuaye do, re, mi ametangulia mbali. Majuma ya kwanza na avute upinde polepole juu ya uzi mtupu, mpaka sauti iache kukwaruza. Kisha aimbe sauti moja kwa kinywa, ndipo aitafute kwa kidole. Robo saa kila jioni yashinda saa mbili za Jumamosi, maana vidole husahau upesi.

Watoto watacheka, na wacheke. Tena yafaa baba amwite yule mwenye sikio jema, amwulize, "Nimepanda au nimeshuka?" Mtoto aliyemwona babaye akikosea, akakubali kosa, akaanza tena, amepata somo ambalo fimbo haiwezi kulifundisha.

Wala tusiseme wakati umepita. Julius Kambarage Nyerere wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12. Akabatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima wa miaka 21. Aliyechelewa kuanza hakuchelewa kufika.

Na ile shaka? Mti na ngozi havina dhambi. Daudi alimpigia mfalme Sauli kinubi, roho yake ikatulia. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, ukaruhusu vyombo vingine viingie katika ibada, maadamu vinafaa na wakubwa wa Kanisa wamekubali. Kwa hiyo mtu asilipeleke zeze kanisani kwa nguvu zake. Amwulize kwanza Padre na mwalimu wa kwaya.

Lakini tukumbuke pia mafundisho ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Nyama si kitu, ila ndugu aliye dhaifu ni kitu kikubwa. Kama jirani yako ameacha pombe kwa taabu, na sauti ya zeze yamrudisha moyoni kilabuni, usimpigie mlangoni pake. Piga kwako, wimbo wa sala ya jioni, mpaka siku yeye mwenyewe atakapokuja kuketi asikilize.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko ndiyo kazi ngumu ya mtu mzima, kuliko uzi wala upinde. Naye aliyejifunza kuinama mbele ya watoto wake kwa ajili ya wimbo mmoja, hataona vigumu kupiga magoti nao katika sala.