Joto la Injini ni Mafuta Uliyoyanunua

Gari ya karafuu ikisimama hapa Wambaa, weka mkono karibu na boneti. Usiguse! Utasikia joto kali. Joto hilo ni mafuta. Yamenunuliwa kwa fedha, wala hayakuisukuma gari hata hatua moja.

Chukua lita 3 za petroli. Kwa kukadiria, lita 1 tu ndiyo inayoiendesha gari. Joto la lita ya pili huchukuliwa na maji ya rejeta, kisha hupotea hewani. Joto la lita ya tatu hutoka na moshi. Injini ya dizeli ina nafuu kidogo, lakini nayo hupoteza zaidi ya nusu. Nauli yako hulipia lita zote tatu.

Je, joto hilo laweza kurudishwa kazini? Laweza. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi wa kuutumia moshi wa injini. Leo kifaa hicho tunakiita tabo. Moshi wa moto hutoka kwa nguvu na kuzungusha feni ndogo. Feni hiyo imeungwa kwa chuma na feni ya pili, ambayo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hivyo injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa, na lori hupanda vilima vyetu vya Pemba na mzigo wake.

Lakini tabo hupata moto mno. Dereva akimaliza kilima na mzigo, asizime injini papo hapo. Aiache ingurume polepole dakika moja au mbili, ili oili ikipoze kile chuma. Oili nayo ibadilishwe kwa wakati. Tabo ikifa, fedha iliyookolewa kwenye mafuta yote huishia kwa fundi.

Mwaka 2005 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilionyesha mtambo wa majaribio. Joto la moshi lilichemsha maji, na mvuke ukaisaidia injini. Mtambo huo haukufika madukani. Vitu kama hivyo ni vizito, na gari lazima ivibebe.

Kituo cha umeme hakibebwi na mtu. Kule Kinyerezi, Dar es Salaam, kituo cha pili hutumia njia hiyo hiyo. Moshi wa mitambo ya gesi huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo mingine. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Tangu mwaka 2010 Pemba imeungwa na gridi hiyo kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo taa unayosomea gazeti hili usiku huenda inapata sehemu ya umeme wake kutoka kwenye moshi.