Ugomvi wa redio za mitumba mnadani

Redio ya mitumba ya kupokea na kurusha mawimbi, ikinunuliwa kwa mnada wa mtandaoni, huzua ugomvi kwa kuwa mnunuzi hulipia picha. Picha huonyesha taa zikiwaka. Haionyeshi kwamba kitufe cha kipaza sauti kikibonyezwa, mawimbi hayatoki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, haimlindi aliyekagua bidhaa dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi ungezifichua. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 husikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kurusha mawimbi nako kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anayekabidhiwa mzigo Kenyatta Market, Nairobi, aijaribu redio kwanza, ndipo atume pesa kwa M-Pesa.